Dawa Ninazo, Moyo wa Kuzimeza Sina

Maswali ya wasomaji kuhusu afya

Barua zilizotufikia kutoka Mkoa wa Kigoma katika wiki za karibuni haziulizi kisukari ni nini. Walioziandika wanazijua dawa zao, wanajua wasichopaswa kula, na wengi wanazikumbuka namba za vipimo vyao kwa kichwa. Wanachouliza ni kwa nini mtu anayejua yote hayo bado anaziacha dawa zake. Tumechagua barua tatu, na majina ya wenyewe tumeyahifadhi kwa ombi lao.

Mimi ni mkaidi?

*Mama Mshauri, shikamoo. Nina umri wa miaka 52, ni mkazi wa Ujiji, na ninauza mawese na dagaa wakavu sokoni. Nina kisukari mwaka wa tisa sasa, ninatumia metformini na kidonge kingine cha kushusha sukari. Mume wangu alifariki mwaka juzi, na tangu hapo mahitaji ya shule ya watoto na marejesho ya kikoba yako juu yangu peke yangu. Dawa ninazo ndani, lakini kuna siku ninazitazama tu na kuziacha. Siku nyingine ninaziruka kwa sababu zinanivuruga tumbo nikiwa sokoni, na choo kiko mbali. Kliniki ikikaribia, kwa siku tatu au nne ninakula kidogo na kumeza dawa zote, sukari inasoma 6 au 7, ninasifiwa na kurudi nyumbani. Safari iliyopita walinifanyia kipimo cha wastani wa miezi mitatu, kikasoma asilimia 10.8, nikagombezwa mbele ya watu kwamba mimi ni mkaidi na nitakuja kukatwa mguu. Sijarudi tena. Naomba kujua, je, ni kweli kwamba mawazo yanapandisha sukari? Na je, mimi ni mkaidi? – Msomaji wa Ujiji*

Marahaba, mdogo wangu, na pole sana kwa msiba wa mwenzio. Nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo lililokuzuia kurudi kliniki. Hapana, wewe si mkaidi. Wewe umechoka, na uchovu huo unajulikana. Kisukari humdai mwenye nacho kazi ya kila siku, kuanzia kuchagua chakula, kukumbuka saa za dawa, kujichoma kidole na kukagua nyayo, hadi kutenga nauli ya kliniki, na kazi hiyo haina likizo wala sikukuu. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani walichapisha dodoso la kupima jinsi kisukari kinavyomlemea mtu moyoni, na dodoso hilo linatumika mpaka leo katika nchi nyingi. Shirika la Afya Duniani nalo, katika ripoti yake ya mwaka 2003, lilieleza kwamba hata katika nchi tajiri ni takriban nusu tu ya watu wenye maradhi ya kudumu wanaofuata matibabu kama walivyoelekezwa. Siamini hata kidogo kwamba nusu iliyobaki ni watu wakaidi.

Kuhusu mawazo, ndiyo, yanapandisha sukari, na hilo ni jambo la mwili, wala si maneno ya kufarijiana. Mtu akiwa na hofu au huzuni nzito, mwili wake hutoa homoni za adrenalini na kotisoli, ambazo huliamuru ini kuitoa akiba yake ya sukari na kuimwaga katika damu, na wakati huohuo huipunguzia insulini, ile homoni ya kongosho inayoshusha sukari, nguvu ya kufanya kazi. Kwa mtu asiye na kisukari, kongosho huongeza insulini na mambo yakatulia; kwako wewe kongosho haliwezi tena kufanya hivyo ipasavyo, kwa hiyo sukari hubaki juu. Zaidi ya hapo, mawazo huondoa usingizi, na usiku wa kukesha nao huongeza sukari. Huondoa hamu ya kupika, mtu akashindia chai ya sukari na maandazi. Na huifanya dawa ionekane haina maana. Kwa hiyo wiki ya marejesho ya kikoba sukari yako inaweza kupanda hata kama ulikula vilevile kama wiki iliyotangulia. Iandike namba hiyo katika daftari lako la kliniki pamoja na sababu yake, ili anayekutibu aone kilichotokea na asidhani kwamba dawa imeshindwa.

Sasa nizungumzie zile siku nne za kujinyima kabla ya kliniki, kwa sababu ndizo zinazonitia wasiwasi kuliko dozi ulizoruka. Kipimo cha miezi mitatu huangalia sukari iliyonata kwenye hemoglobini, yaani ile sehemu ya chembe nyekundu za damu inayobeba oksijeni, na kwa kuwa chembe hizo huishi kwa takriban siku 120, siku nne haziwezi kufuta yaliyopita. Lakini hata kama kusingekuwa na kipimo hicho, fikiria daktari anafanya nini. Akiona sukari iko juu, na wewe umemwambia kwamba unameza kila kidonge, hana njia nyingine ila kukuongezea dozi au kukuanzishia sindano. Siku utakapoamua kuzimeza zote kwa dozi hiyo mpya, tena ukiwa umejinyima chakula, sukari yako inaweza kushuka mpaka ukaanguka sokoni. Baadhi ya vidonge vya kushusha sukari, kama vile glibenklamaidi, huendelea kulisukuma kongosho litoe insulini hata pale mtu anapokuwa hajala kitu. Kama kile kidonge chako cha pili ni cha aina hiyo, basi katika siku zako nne za kula kidogo na kumeza vyote umekuwa ukijiweka hatarini bila kujua.

Kwa hiyo rudi kliniki wiki hii, usisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi, na ukifika sema maneno haya bila kuyapunguza, ila idadi ya siku iwe yako ya kweli: “Daktari, katika wiki moja ninameza dawa siku nne. Siku nyingine ninaruka kwa sababu ya tumbo na kwa sababu ya mawazo.” Sentensi hizo mbili zitamsaidia kuliko namba nzuri ya siku moja. Ukiona unaanza kugombezwa, una haki ya kuomba kwa adabu mzungumze pembeni. Na kwa wahudumu wa afya wanaosoma ukurasa huu, ninawasihi waache kuwatishia watu kwa kukatwa miguu mbele ya foleni nzima. Mtu aliyetishwa huenda akanyamaza au akaacha kuja kabisa, na mguu wake ndio huo unaozidi kuharibika bila mtu wa kuukagua. Swali la upole, kama vile “Wiki iliyopita dozi ngapi zilikupita?”, huleta jibu la kweli, kwa sababu linamwonyesha mtu kwamba kupitwa na dozi ni jambo linalowatokea watu wengi.

Tumbo lako ni sababu halali kabisa, na lina ufumbuzi. Metformini huwasumbua watu wengi kwa kuharisha, kichefuchefu na tumbo kujaa, hasa ikimezwa tumbo likiwa tupu. Ninahisi kwamba asubuhi unawahi sokoni, unameza kidonge juu ya chai kavu, na saa moja baadaye tumbo linaanza. Kama ndivyo, meza kidonge katikati ya chakula chenyewe, iwe ni muhogo wa kuchemsha na maharage au kipande cha ugali na dagaa, kisha umalizie kula. Tumbo likiendelea kusumbua, mwombe daktari akuanzishie upya kwa dozi ndogo inayopanda polepole, au akupe ile aina inayoyeyuka taratibu tumboni kama inapatikana. Kile kibahasha cheupe kilichoandikwa 1×2 usikifunge kwenye pindo la khanga na kushinda nacho juani. Kitie ndani ya kopo lenye kifuniko, kisha kopo ulitunze pamoja na sahani, mahali pasipofikiwa na watoto wadogo, ili kila unapopakua chakula dawa iwe karibu na mkono wako. Dozi ikikupita, usiilipe kwa kumeza mbili wakati mwingine.

Usijilazimishe kuyarekebisha yote kwa mara moja. Utafiti mkubwa uliofanyika Uingereza kwa watu zaidi ya 5,000 wenye kisukari cha aina ya pili ulionyesha kwamba kipimo cha miezi mitatu kikiwa chini kwa asilimia moja tu, yaani kwa mfano wako kutoka 10.8 hadi 9.8, vifo vinavyotokana na kisukari vilikuwa pungufu kwa asilimia 21, na madhara ya mishipa midogo ya damu, kama ile ya macho na figo, yalikuwa pungufu kwa asilimia 37. Lengo la kipimo hicho linalopendekezwa kwa watu wazima wengi ni chini ya asilimia 7, lakini faida huanza kabla ya kulifikia. Kwa sasa yatosha uzimeze dawa pamoja na chakula kama daktari atakavyozipanga upya, na jioni utembee nusu saa, kwa mfano hadi makumbusho ya Dk. Livingstone na kurudi, pamoja na jirani mnayeelewana. Kutembea huifanya misuli itumie sukari, na mazungumzo ya njiani huupunguzia moyo mzigo.

Jambo la mwisho kwako. Jiulize kama katika wiki mbili zilizopita, kwa siku nyingi, umekosa raha au hamu ya mambo uliyokuwa ukiyapenda, na kama umekuwa mwenye huzuni au kukata tamaa. Ukijibu ndiyo hata kwa moja kati ya hayo, mweleze daktari, kwa sababu huenda ni sonona, ambayo huwapata wenye kisukari karibu mara mbili zaidi ya watu wengine, na ina tiba yake. Omba kuonana na mtaalamu wa afya ya akili. Kwa Kigoma, mahali pazuri pa kuanzia kuulizia ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni. Na likikujia wazo la kutotaka kuishi, usilale nalo usiku mmoja. Mwambie mtu aliye karibu nawe akupeleke hospitali siku hiyohiyo.

Naogopa sindano ya jioni

*Mama Mshauri, habari za kazi. Mimi ni kijana wa miaka 27 kutoka Kibirizi, ninavua dagaa usiku. Niligunduliwa na kisukari nikiwa na miaka 19, na ninachoma insulini ya mchanganyiko asubuhi na jioni. Usiku mmoja tukiwa ziwani nilianza kutetemeka, jasho likanitoka, nikawa ninaongea ovyo, wenzangu wakadhani nimelewa. Tangu siku hiyo, nikiwa na zamu ya ziwani, sichomi ile ya jioni. Pia mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, sikuwa na kipato, nikawa ninachoma nusu dozi ili kichupa kidumu. Nifanyeje? – Mvuvi wa Kibirizi*

Salama, mwanangu. Hofu yako ina msingi, kwa sababu sukari kushuka ukiwa juu ya maji ni hatari kubwa. Lakini kuiacha sindano kabisa kunakuingiza katika hatari nyingine iliyo kubwa vilevile. Aliyegunduliwa akiwa na umri mdogo na kuanzishiwa insulini kama wewe, mara nyingi ana kisukari cha aina ya kwanza, ambapo kongosho hutengeneza insulini kidogo mno au halitengenezi kabisa. Insulini ikikosekana, mwili huanza kuyeyusha mafuta yake na kujaza tindikali katika damu. Mtu hutapika, huumwa tumbo, hupumua kwa haraka na kwa kina, hutoa harufu kama ya matunda mdomoni, kisha huchanganyikiwa na kupoteza fahamu. Ukiona dalili hizo, kwako au kwa mwenzio, hiyo ni safari ya hospitali bila kusubiri kuche.

Kinachohitaji kubadilika ni ratiba ya sindano, na kazi hiyo muifanye wewe na daktari pamoja, kwa sababu inaonekana dozi yako ilipangwa kwa mtu anayelala usiku. Mweleze kwamba katika siku za giza unavuta nyavu usiku kucha na kulala mchana, na kwamba mbalamwezi ikiwa kali unapumzika na kulala kama watu wengine. Kwa maelezo hayo anaweza kukupangia ratiba mbili, moja ya usiku wa kazi, yenye dozi ya jioni iliyopunguzwa au aina nyingine ya insulini, na nyingine ya siku za mapumziko. Usijipangie mwenyewe kwa kukisia. Kama unaweza kupata mashine ya kupimia, pima kabla ya kwenda ziwani, kwa sababu sukari iliyo chini ya 4 (kwa kipimo cha mmol/L) haifai kupanda nayo kwenye mtumbwi.

Usipande mtumbwi kabla ya kula chakula kamili, na ubebe kingine cha kula katikati ya usiku, kwa kuwa kazi ya kuvuta nyavu hula sukari kwa kasi. Funga sukari ya mezani katika mifuko miwili midogo ya nailoni isiyopitisha maji, mmoja ukae mfukoni mwako na mwingine kwa mwenzako. Ukianza kutetemeka, kutoka jasho au kuona giza, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji na unywe, au kunywa nusu chupa ya soda ya kawaida, kisha usubiri dakika 15. Hali isipotengemaa, rudia. Ukipata nafuu, kula chakula chenyewe, kwa sababu sukari hiyo haikai muda mrefu. Wenzako wote katika mtumbwi lazima wajue kwamba una kisukari. Najua vijana wengi huficha kwa kuogopa kuachwa ufukweni, lakini mtu anayejua hali yako atakupa sukari, na asiyejua atakuacha ulale akidhani ni pombe. Waambie pia kwamba ukipoteza fahamu wasikumiminie kitu chochote mdomoni. Wakulaze ubavu na kugeuza mtumbwi kuelekea nchi kavu.

Kuhusu fedha, nusu dozi kwa miezi mitatu ni jambo ambalo ninashukuru limekuacha hai. Kipato kikikatika, usianze kupunguza dawa kabla hujamwona Afisa Ustawi wa Jamii wa hospitali, kwa sababu hospitali zetu zina utaratibu wa msamaha kwa asiyeweza kulipa, na yeye ndiye wa kuusimamia. Nenda mapema, kabla kichupa hakijaisha. Insulini unayoitumia isishinde ndani ya mtumbwi wala juu ya paa la bati; iache nyumbani ndani ya kopo lililowekwa kwenye chungu cha udongo kilichozungushiwa mchanga uliolowa maji, mahali penye kivuli. Kichupa kilichofunguliwa hutumika kwa takriban wiki nne, kutegemea maelekezo ya aina yake.

Baba amegeuka mwizi wa chakula

*Shikamoo Mama. Baba yetu, mwalimu mstaafu wa miaka 63, tunaishi naye Kasulu. Ameacha vidonge na anatumia dawa za mitishamba kwa siri. Tumepanga zamu ya kumlinda, tunampimia ugali, lakini anakula kwa majirani na akiulizwa anakuwa mkali. Tumlazimishe vipi? – Binti yake*

Marahaba, binti yangu. Hamtamlazimisha, na ninaomba ulinzi huo uishe leo. Mzee aliyewafundisha watoto wa watu kwa miaka mingi, leo anapimiwa tonge na watoto wake wa kuzaa. Huko kwa majirani anafuata heshima pamoja na chakula. Pikeni chungu kimoja kwa nyumba nzima, sombe au maharage kwa wingi, migebuka, na ugali wa muhogo uliopunguzwa kwa wote, bila mtu kutajiwa sahani yake. Mitishamba msiinyang'anye wala kuimwaga. Mwombeni tu airudie dawa ya hospitali, na amweleze daktari kila anachokunywa, kwa sababu baadhi ya mimea nayo hushusha sukari, na ikikutana na vidonge inaweza kuishusha kupita kiasi.

Kuna jambo jingine ambalo si rahisi binti kuliuliza. Wanaume wengi huacha vidonge kwa kuamini kwamba ndivyo vilivyowapunguzia nguvu za kiume, kumbe mara nyingi kinachoharibu mishipa na neva zinazohusika ni sukari yenyewe inapokaa juu kwa muda mrefu. Sisemi kwamba ndivyo ilivyo kwa baba yako, ila kama ndivyo, hatamwambia mtoto wake. Mtafuteni baba mdogo au rafiki wa rika lake, hasa kama yeye mwenyewe ana kisukari na anahudhuria kliniki, aende naye. Nyinyi toeni nauli, na baba akiingia kwa daktari, mwacheni aingie peke yake.